Mwongozo Kamili wa Kuchagua Risasi za Kuwindia kwa Bunduki ya Leva ya Mtindo wa Kale

Wenye bunduki za leva, zile ambazo mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio husukumwa mbele na kurudishwa ili kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine, huniletea malalamiko yanayofanana. Bunduki inakwama; matundu yanatawanyika kwenye kilengo; mnyama aliyepigwa mahali panapofaa ametokomea kichakani na hakuonekana tena. Mara nyingi kosa halimo katika bunduki wala katika jicho la mpigaji, bali risasi ilichaguliwa kinyumenyume: mtu alianza na mnyama, akaja kwenye uzito na kasi, na bunduki yenyewe akaikumbuka mwishoni, pesa zikiwa zimeshalipwa. Hapa tutaanza na bunduki, na mnyama atangoja zamu yake.

Kwanza tukubaliane kuhusu maneno, kwa sababu Kiswahili kina mtego wake katika jambo hili: risasi ni jina la kitu kizima kinachoingizwa katika bunduki, ni jina la kile kipande kinachoruka, na tena ni jina la madini yenyewe. Katika maelezo haya, risasi ni kitu kizima. Kipande kinachoruka nitakiita kichwa. Kikopo cha shaba nyeupe kinachobeba baruti ni ganda, na kile kiduara kidogo katikati ya kitako cha ganda, kinachogongwa ili baruti iwake, ni fataki. Uzito wa kichwa hupimwa kwa greni, na greni moja ni takriban gramu 0.065.

## Mipaka ya kisheria

Uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikuufungua mlango huo. Kwa hiyo mkazi wa Nairobi mwenye bunduki ya leva huitumia nyumbani kwa kulenga shabaha uwanjani peke yake, na akitaka kuwinda hulazimika kwenda nchi inayoruhusu, kama vile Tanzania, Uganda, Namibia au Afrika Kusini, kwa vibali vya huko na kibali cha kuitoa silaha hapa.

Cheti chako cha silaha kinataja pia kiasi cha risasi unachoruhusiwa kununua na kukaa nacho kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo, mtindo wa Wamarekani wa kununua boksi la kila aina na kujaribu zote hautufai. Tunahitaji kuchuja kwenye karatasi kwanza. Vilevile, kujijazia risasi nyumbani ni kazi ya kiwandani inayohitaji leseni yake. Humu nazungumzia risasi zilizotengenezwa kiwandani tu.

## Vitu vya kuandaa

- Cheti cha silaha, pamoja na kijitabu cha mtengenezaji wa bunduki. Kama kijitabu kimepotea, watengenezaji wengi huviweka kwenye tovuti zao.
- Risasi bandia sita au zaidi za kaliba yako (yaani aina na ukubwa wa risasi ambayo bunduki imetengenezewa), zisizo na baruti wala fataki hai.
- Kalipa ya kupimia urefu, hata ile ya bei nafuu inayotumiwa na mafundi wa magari.
- Maboksi mawili, au yakizidi sana matatu, ya risasi za aina tofauti, utakayonunua baada ya hatua ya 5.
- Miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio.
- Mifuko miwili ya kuegemeza bunduki. Soksi nene zilizojazwa mchele na kufungwa vizuri zinatosha kabisa.
- Sahani za karatasi zenye upana wa sentimita 20 hivi za kutumia kama vilengo, kalamu na daftari.
- Mashine ya kupima kasi ya risasi, kama kuna mwenzako uwanjani atakayekuazima. Si lazima uinunue.

## Hatua ya 1: Soma maandishi ya mtutu na uitambue bunduki

Hakikisha bunduki haina risasi, katika chemba (mwanzo wa mtutu, ambapo risasi hukaa ikifyatuliwa) na katika magazini (ghala la risasi zinazongoja). Bunduki ya leva hudanganya hapa, kwa sababu magazini yake ni bomba lililolala chini ya mtutu na huwezi kuichomoa na kuiweka mezani. Chezesha leva mara kadhaa, kisha tazama kwa macho na uguse kwa kidole mahali risasi inapotokea.

Sasa soma kaliba iliyochongwa kwenye mtutu, neno kwa neno, uiandike daftarini kama ilivyo. Usiridhike na kusema «ni forty-four». Risasi ya .44-40 na ile ya .44 Magnum ni vitu viwili tofauti. .32 Winchester Special na .30-30 Winchester zina maganda yanayofanana kiasi cha kuingiliana, ilhali vichwa vyao havina kipenyo kimoja. Bunduki ya .357 Magnum hupokea risasi ya .38 Special, lakini kinyume chake ni hatari. Na hata hiyo inayoruhusiwa huweza kukwama kwa kuwa ni fupi na utaratibu wa leva umepangiwa urefu fulani.

Pamoja na kaliba, andika modeli. Umbo la nje linafanana, lakini nguvu ya ndani haifanani. Nakala za Winchester 1873 hufunga chemba kwa viungo vinavyokunjika kama goti, ambao ni utaratibu mwororo na wa kupendeza lakini dhaifu. Nakala za 1892 na 1886 hufungwa kwa vyuma viwili vinavyopanda kushoto na kulia, na huvumilia zaidi. Kama bunduki yako ni ya zamani kweli, ya urithi, na si nakala mpya, simama hapa hadi fundi wa silaha mwenye leseni aikague.

Umefaulu ikiwa daftari lako lina mtengenezaji, modeli, kaliba kamili na urefu wa mtutu. Urefu huo tutauhitaji katika hatua ya 5.

## Hatua ya 2: Tazama magazini kabla ya kutazama kichwa

Hili ndilo jambo ambalo likikosewa linaweza kukukata vidole, na bado kila mara namwona mtu akiliruka.

Katika magazini ya bomba, risasi hulala kwa safu, moja nyuma ya nyingine, ncha ya kila moja ikiegemea kitako cha ile iliyo mbele yake. Katikati ya kitako hicho ndipo fataki ilipo. Bunduki inapopiga teke, safu nzima husukumana. Kama ncha ni kali na ngumu, inafanya kazi ile ile ya pini ya kufyatulia: inaigonga fataki, na risasi hulipuka ndani ya bomba, ambalo ni bati jembamba lililo juu kidogo ya kiganja chako cha kushoto.

Kwa hiyo, kwa bunduki yenye magazini ya bomba, nunua risasi zenye kichwa bapa, au zile za ncha ya mviringo zilizotengenezwa mahususi kwa bunduki za leva, na si nyingine. Kichwa bapa huigusa fataki kwa uso mpana, na mgandamizo hutawanyika hadi kwenye ganda.

Kuna mlango mmoja wa kisasa. Hornady hutengeneza risasi ziitwazo LEVERevolution, ambazo kichwa chake kimechongoka lakini ncha yenyewe ni ya plastiki laini inayobonyea kama raba. Hizo ni salama katika bomba, na huruka mbali vizuri zaidi kwa sababu hewa haizikabi sana. Zisichanganywe na risasi nyingine zenye ncha ya plastiki ngumu ya rangi rangi, ambazo kwa macho zinafanana nazo. Bonyeza ncha kwa ukucha kabla ya kuamini, kisha usome boksi. Ikiwa haijaandikwa kwamba inafaa magazini ya bomba, irudishe.

Zipo bunduki za leva zisizo na bomba. Winchester 1895 ina magazini ya sanduku, Savage 99 hubeba risasi zake katika kikombe kinachozunguka, na Browning BLR ina magazini inayochomolewa. Hizo hupokea vichwa vilivyochongoka bila shida. (Niliapa kutoandika historia, lakini waungwana uwanjani hupenda kunikumbusha kwamba Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alikuja huku mwaka 1909 na bunduki ya leva. Naam, na ilikuwa Winchester 1895, ya sanduku. Msimtumie kama ushahidi wa kuweka ncha kali kwenye bomba.)

Umefaulu ikiwa risasi zote zilizobaki katika orodha yako unaweza kuzisimamisha mezani kwa kichwa chini zikakaribia kusimama, au zina ncha laini iliyoandikwa waziwazi kuwa ni ya magazini ya bomba.

## Hatua ya 3: Linganisha shinikizo la risasi na nguvu ya bunduki

Baruti inapowaka hujaza chemba kwa shinikizo ambalo Wamarekani, wenye kaliba hizi, hulipima kwa pauni kwa kila inchi ya mraba. Viwango vya juu kabisa vya kawaida ni 42,000 kwa .30-30, 36,000 kwa .44 Magnum, 35,000 kwa .357 Magnum, 28,000 kwa .45-70 na 14,000 tu kwa .45 Colt. Tazama namba hizo tena. Zile kaliba mbili zenye vichwa vinene na sura ya kutisha ndizo zenye shinikizo dogo, kwa sababu zilizaliwa enzi ya baruti nyeusi na bunduki za chuma laini.

Kwa mwenye .30-30 hatua hii ni fupi: risasi za kiwandani za kaliba hiyo zote hukaa ndani ya kiwango kimoja, na bunduki zilizotengenezewa kaliba hiyo zikiwa nzima huzimudu. Nenda hatua ya 4.

Mwenye .45-70 aketi chini. Kaliba hii ina ngazi tatu zinazouzwa kwa jina lile lile. Ya chini ni ya kufaa hata bunduki ya Springfield ya mwaka 1873, ile ya risasi moja yenye kifuniko kinachoinuka kama mlango wa shimo. Risasi ya kawaida ya greni 405 inayotoka kwa mita 405 hivi kwa sekunde ni ya ngazi hiyo. Ya kati ni ya bunduki imara za leva kama Marlin 1895 ya kisasa na nakala mpya za Winchester 1886. Ya juu ni ya bunduki za risasi moja zenye nguvu nyingi kama Ruger No. 1, na haifai kupigwa kwa leva yoyote.

Kasoro ni kwamba ganda la ngazi zote tatu lina ukubwa mmoja. Chemba haitakukatalia. Baadhi ya watengenezaji huandika alama ya +P, yaani shinikizo la ziada, kwenye boksi, lakini kwa .45-70 alama hiyo haina kipimo rasmi kilichokubaliwa na viwanda, hivyo +P ya mmoja si +P ya mwingine. Usiitegemee alama, soma orodha ya bunduki zilizotajwa na mtengenezaji wa risasi, kwa kawaida nyuma ya boksi au kwenye tovuti yake. Kama modeli yako haikutajwa, chukulia kwamba imekatazwa.

Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa risasi kali za .45-70 na muuzaji aliyenihakikishia kwamba «arobaini na tano ni arobaini na tano». Nilipiga moja tu. Leva ilikataa kufunguka hadi nilipoigonga kwa kiganja, na ganda lilitoka na fataki iliyobapazwa kama sarafu. Zilizobaki zilirudi dukani siku hiyo hiyo, na nakiri nilirudi nazo kwa maneno makali kuliko yaliyostahili, maana onyo lilikuwa limechapwa nyuma ya boksi nami sikulisoma.

Ushauri huo huo unahusu .45 Colt: ziko risasi kali zilizokusudiwa bastola chache nzito na bunduki za 1892, na hazina nafasi katika nakala ya 1873.

## Hatua ya 4: Chagua uzito na aina ya kichwa

Sasa kazi inakuwa nyepesi na, kusema kweli, ya kufurahisha.

Risasi za bunduki hizi huenda polepole zikilinganishwa na za kisasa. Greni 170 ya .30-30 hutoka kwa takriban mita 670 kwa sekunde na greni 150 kwa mita 728, kwa mtutu wa inchi 24. Kwa kasi hiyo, kichwa kinachofaa ni kile chenye madini laini ya risasi yaliyovikwa koti jembamba la shaba na kuachwa wazi kwenye ncha. Kinapoingia mwilini hufunguka kama uyoga, hupanuka na kukata njia pana. Kichwa kigumu kilichobuniwa kwa bunduki ya kasi kubwa, ingawa kina kipenyo kile kile, kitapita kama sindano bila kufunguka, na mnyama atakimbia kilomita kadhaa kabla ya kuanguka mahali usipopajua.

Kwa .30-30 mimi huanza na greni 170. Hushuka kidogo zaidi kwa umbali, lakini hupenya zaidi, na katika vichaka ambako bunduki hii inastahili kutumiwa umbali si tatizo. Greni 150 inafaa swala wadogo na mahali pa wazi kidogo. Wapo wawindaji stadi wasiokubaliana nami na hawafi njaa.

Kwa .45-70, greni 300 zenye koti jembamba hufunguka upesi na zinafaa wanyama wa umbo la swala; greni 405 na kuendelea ni za wanyama wenye mifupa mizito. Vichwa vigumu vya madini ya risasi yaliyochanganywa na antimoni, visivyofunguka, hutengenezwa kwa kupenya tu, na si vya kuanzia.

Jihadhari na vichwa vya shaba tupu. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa cha shaba cha uzito ule ule huwa kirefu zaidi, na mtutu ambao mifereji yake ya ndani, ile inayokizungusha kichwa, inazunguka taratibu huweza kushindwa kukituliza hewani. Marlin 1894 za .44 Magnum zinajulikana kwa jambo hilo: mifereji ya mitutu mingi ya modeli hiyo huzunguka mara moja kwa inchi 38, na vichwa virefu na vizito huanza kuyumba. Ukiona tundu la mviringo uliorefuka kwenye karatasi, kichwa kilifika kikiwa kimelala upande.

## Hatua ya 5: Sasa mlete mnyama, na sheria ya nchi yake

Nchi haziangalii umaarufu wa bunduki yako, huangalia namba. Namibia hudai nguvu ya risasi inapotoka mdomoni isipungue joule 1,350 kwa wanyama wa kadiri ya springbok (swala wa kusini mwa Afrika), 2,700 kwa tandala mkubwa, choroa, kongoni na nyumbu, na 5,400 kwa nyati na tembo. Tanzania hutumia kaliba: kwa wanyama hatari kama nyati, isiyopungua .375.

Kukokotoa joule ni hesabu ya shule. Geuza greni kuwa kilo, zidisha kwa kasi ya mita kwa sekunde, zidisha tena kwa kasi ile ile, kisha ugawe kwa mbili. Greni 170 ni kilo 0.011, kwa kasi ya 670 unapata takriban joule 2,470.

Hapo ndipo wengi hushtuka. Kwa mtutu wa inchi 24, .30-30 ya kawaida haifikii kiwango cha tandala cha Namibia, iwe ni greni 170 au greni 150 yenye joule 2,580 hivi. LEVERevolution ya greni 160, kwa kasi ya 732 iliyoandikwa, hufika karibu 2,780 na kupita kwa unyoya. Lakini namba hizo za kwenye boksi ni za mtutu wa inchi 24. Bunduki nyingi za leva zina inchi 20, na inchi nne zinazopungua hula mita 20 hadi 30 za kasi, na joule hurudi chini ya mstari. Ndiyo maana nilikuagiza uandike urefu wa mtutu, na ndiyo maana mashine ya kupima kasi inastahili kuazimwa.

Mkasa wa .45-70 unachekesha zaidi. Greni 405 ya taratibu, ambayo itapasua bega la nyumbu bila mjadala, ina joule 2,150 tu hivi na kisheria ni ya swala wadogo. Greni 300 kwa mita 573 hufika karibu 3,190 na inaruhusiwa. Sheria ni sheria, chagua ile ya pili. Kwa bunduki ya inchi 20, .44 Magnum ya greni 240 ina takriban 2,240, na .357 ya greni 158 ina 1,600 hivi. Zote mbili ni za wanyama wadogo kwa umbali mfupi.

Kuhusu nyati, msimamo wangu ni huu: usimwendee kwa bunduki ya leva kwa sababu tu .458, kipenyo cha kichwa cha .45-70, ni kubwa kuliko .375 kwenye rula. Azima au kodi .375 ya mwenyeji wako wa uwindaji, na leva uiache kwa ngiri na swala pala.

Umefaulu ikiwa orodha yako sasa ina risasi mbili, au tatu zikizidi, ambazo zimepita magazini, shinikizo, uzito na sheria. Hizo ndizo za kununua, boksi moja moja.

## Hatua ya 6: Jaribu upakiaji kwa risasi bandia

Pima kwa kalipa urefu wa risasi halisi tatu kutoka kila boksi. Kwa .30-30 na .45-70 urefu usizidi milimita 64.8. Kisha ziweke mbali, chumba kingine, zikiwa zimefungwa.

Jaza magazini kwa risasi bandia zenye umbo la kichwa linalofanana na ulichonunua, uchezeshe leva zote hadi ya mwisho. Fanya hivyo polepole mara moja, kisha kwa kasi na nguvu mara tano. Leva hairembwi, isukume hadi mwisho wake na uirudishe hadi mwisho wake. Mkwamo mwingi unaoletwa kwangu unatokana na mkono wenye haya unaoishia nusu ya njia, na mwenyewe hulaumu risasi.

Usiwahi kufanya jaribio hili nyumbani kwa risasi hai. Chemba ikikwama na risasi hai ndani, sebuleni si mahali pa kuitatua.

## Hatua ya 7: Uwanjani

Mimi hutumia uwanja wa Kirigiti kule Kiambu, asubuhi mapema kabla ya upepo. Popote uendapo, mtii msimamizi wa uwanja hata anapokuwa na haraka kuliko wewe.

Anza kwa mita 50. Egemeza mbao ya mbele kwenye mfuko, kamwe usiegemeze mtutu wala bomba la magazini. Mtutu wa bunduki hizi umefungwa pamoja na bomba kwa pete, na ukiusukuma juu, risasi nazo hupanda juu. Piga moja, fungua leva, uokote ganda ulitazame. Fataki iliyobapazwa, leva ngumu, ufa shingoni mwa ganda au mstari unaong'aa kuzunguka ganda juu kidogo ya kitako ni amri ya kusimama, na boksi hilo lirudi kwa muuzaji au kwa fundi.

Ukifyatua na kusiwe na mlio, elekeza mdomo kwenye kilengo na uhesabu sekunde 30 kabla ya kufungua. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, usipige tena kwa hali yoyote: huenda kichwa kimekwama mtutuni, na kinachofuata nyuma yake kitaupasua.

Mambo yakiwa shwari, sogea mita 100. Piga risasi tano, polepole, ukiuacha mtutu upoe kati yake. Pete nilizozitaja hufanya mtutu uliopata joto uhame, na mwenye haraka huona matundu yakipanda ukutani akadhani risasi ni mbovu. Risasi ya kwanza ya mtutu baridi itie alama ya peke yake, kwa sababu porini ndiyo utakayoipiga. Rudia kwa risasi ya pili katika orodha baada ya mtutu kupoa kabisa na kufutwa.

Kwa alama za chuma za kulengea, matundu matano ndani ya duara la sentimita 10 kwa mita 100 yanaridhisha sana. Sentimita 15 zinatosha kwa vichaka. Zaidi ya sahani nzima, badilisha risasi kabla ya kubadilisha bunduki. Usishangae risasi ya bei ya chini ikishinda ya bei ya juu. Kila mtutu una chakula chake.

Wapo wanaouliza kama mwinuko wa Nairobi, karibu mita 1,700, utaharibu shabaha watakaposhuka nyanda za chini. Hewa yetu nyepesi huikaba risasi kidogo tu chini ya ile ya pwani, na ndani ya mita 150 tofauti hiyo huwezi kuiona kwa macho. Piga risasi mbili za kuhakiki kambini, inatosha.

## Hatua ya 8: Panga shabaha na ukubali kikomo chako

Kwa .30-30 ya greni 170, rekebisha ili risasi zipige sentimita 5 juu ya katikati kwa mita 100. Hapo zitarudi katikati karibu mita 140, na hadi hapo hulazimiki kukisia chochote. Ukiipanga katikati kwa mita 100, kwa mita 180 itakuwa imeshuka sentimita 20 hivi. Greni 405 ya .45-70, kwa mpango huo huo, itakuwa imeshuka zaidi ya nusu mita, yaani imepita chini ya tumbo la swala pala.

Kikomo chako ni umbali ambao, ukiwa umekaa au umepiga goti bila mifuko ya mchele, unaweka risasi tano ndani ya sahani bila kukosa. Kwa wengi wetu wenye alama za chuma ni kati ya mita 80 na 120. Kiandike kwa kalamu kwenye boksi.

## Hatua ya 9: Kununua, kuhifadhi na kusafiri

Ukishapata mshindi, nunua za kutosha safari moja zenye namba moja ya fungu, ambayo huchapwa kwenye kila boksi, ukibaki ndani ya idadi ya cheti. Mafungu tofauti ya jina moja huweza kupiga mahali tofauti.

Zihifadhi pakavu, zimefungwa, mbali na bunduki. Usiziache ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa sababu risasi yenye joto kali hupandisha shinikizo, na wewe ulihangaika na hatua ya 3 ili kuliepuka hilo.

Kwa ndege, kanuni ya kawaida ni kilo 5 za risasi kwa abiria, katika boksi lake, ndani ya mzigo unaokabidhiwa, kwa idhini ya shirika la ndege iliyopatikana kabla ya siku ya safari. Boksi la .45-70 lenye risasi 20 hukaribia kilo 1, hivyo piga hesabu mapema. Kwa barabara kupitia Namanga, vibali vya nchi zote mbili viwe mkononi kabla hujaondoka Nairobi, vikitaja kaliba kama ilivyochongwa kwenye mtutu na idadi kamili ya risasi. Andika daftarini kila risasi unayopiga huko, zikiwemo zile mbili za kuhakiki kambini, ili unaporudi mpakani zilizotumika na zilizobaki zijumlishwe na kuwa ile idadi uliyotoka nayo.